Mtetemo wa Gari la Ukweni

Vijana wa gereji, mmenikalia kooni tangu siku niliyoweka spana chini. Kila nikipita hapo kunywa chai mnasema, mzee tuandikie mambo ya kazi, tusije tukabaki tunabahatisha. Haya, naandika. Ila msitegemee ushujaa. Nani alinipandisha cheo na nililipwa nini hayawahusu, na mengi nimeshayasahau. Yaliyonibaki kichwani ni yale yaliyonifanya nitamani ardhi ipasuke nizame, na moja limeyapita yote. Nitalifikia kwa zamu yake, maana nikianza nalo hamtasoma habari za propela, na za propela ndizo zitakazowapa ugali.

Nilitoka Lupaso nikaingia karakana ya misheni nikiwa sijawahi hata kukaa kiti cha mbele cha gari. Aliyenipokea ni Fundi Hilari, mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na kofi jepesi. Nilidhani siku hiyo hiyo nitashika injini. Akanipa ndoo ya mafuta ya taa na rundo la nati zilizoganda matope, nikaosha mpaka vidole vikakunjamana. Jioni akanipandisha kwenye lori moja bovu, akashika usukani, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Kelele, fundi."

"Kelele ziko sokoni. Nakuuliza unasikia wapi. Mikononi, matakoni au miguuni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, na tulizunguka uwanja wa misheni hadi nikajibu kama mtu mzima. Ndivyo nilivyofundishwa mtetemo, na ndivyo nilivyowafundisha ninyi, ingawa ninyi mlicheka zaidi. Ukitetemeka usukani, angalia mbele, kwenye tairi na rimu. Ukitetemeka kiti na sakafu, shuka chini ukaitafute propela, yule mrija mrefu unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma. Gari likiwa kwenye mwendo, toa gia uliache liserereke lenyewe. Mtetemo ukifa, lawama ni ya injini au klachi. Ukibaki, lawama ni ya kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Halafu kuna ule unaokuja ukikanyaga mafuta na kuondoka ukiachia. Huo ni mjanja kuliko yote, na ndio ulioniadhiri.

Jingine la Hilari: usifungue propela kabla ya kuipiga alama kwa patasi. Ule mrija unaingiana katikati, na ukiurudisha kwa kupotosha jino moja tu, masikio ya chuma ya ncha ya mbele hayatazami sawa na ya ncha ya nyuma, basi gari litakutikisa mpaka meno. Nimeona mafundi wenye majina makubwa wakibadilisha spea za kila aina, kumbe wao wenyewe ndio waliopotosha masikio. Sitawataja. Wawili kati yao wananunua chai hapo hapo mnaponunua.

Baada ya misheni niliajiriwa kwenye kampuni ya umma iliyosomba korosho. Magari yalikuwepo, spea hazikuwepo. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya viatu. Propela ikichoka kros joint, ule msalaba wa chuma unaoiruhusu kukunja, tulitoa nzima kwenye gari lililokufa tukaifunga kwenye lililo hai, mpaka uwanja wa nyuma ukawa makaburi. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Masasi yakajaa maboksi yanayong'aa, kila spea unayoitaka ipo. Kampuni yetu ikafa, magari yakapigwa mnada, nami nikafungua gereji yangu karibu na stendi: mabati manne, shimo moja, na jiriwa niliyoipenda kuliko jirani zangu. Tulisherehekea zile spea. Halafu tukaanza kuzifunga kwenye magari, tukagundua kwamba nyingine ni laini kama muhogo wa kuchemsha. Kros joint ya ruksa ungeweza kuibana kwenye jiriwa ikabaki na alama za meno.

Wakati huo nilikuwa nimeshaoa Newala. Mke wangu, Fidea, ni Mmakonde, mimi Mmakua, kwa hiyo utani haukuwa na mapumziko. Mjomba wake, Mjomba Simoni, ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo wao, na ndiye aliyenunua mnadani landrova ndefu ya kampuni, ya zamani kuliko wengi wenu, yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Aliipaka rangi ya kijani kwa brashi ya nyumba. Dereva wake alikuwa Shaibu, mtu mzima mwenye watoto, mtani wangu namba moja.

Landrova ile ilikuwa na kazi moja kubwa. Mama mkwe wangu, Mama Fidea, alikuwa ameanguka akipanda mlima na ndoo ya maji. Wanaoijua Newala wanajua maji yalikuwa chini bondeni na nyumba ziko juu. Aliumia mgongo. Hospitali ya misheni kule Ndanda wakamwambia aende mara kwa mara kufanyiwa mazoezi ya kuunyoosha, na wakasisitiza asikatize, maana mgongo ukishaganda umepinda hautanyooka tena. Kwa hiyo gari lishuke mlima, lipite Masasi, lifike Ndanda, lirudi. Kwenda na kurudi kwake ndiko kungeamua kama atatembea akitazama watu au akitazama ardhi.

Sasa ninyi wa siku hizi mnaokula sahani moja na mama wakwe zenu, nisikilizeni vizuri hapa. Enzi zile mkwe hakuwa mtu wa kuzoeana naye. Nikimwona Mama Fidea njiani nilitoka njiani nikasimama majanini nikiangalia pembeni, naye alifanya hivyo hivyo. Hatukutazamana usoni. Salamu zilipita kwa Fidea. Kuutaja mwili wake, uzito wake, jinsi anavyokaa au anavyolala, hilo halikuingia mdomoni hata kwa bahati mbaya. Na siku za safari, nikiwa Newala, niliondoka uani kabla hajatoka ndani, nikaenda kunywa uji kwa jirani mpaka nisikie gari limeshaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yangu, na niliiona adabu kamili.

Basi Shaibu akaja gereji siku moja akasema, "Nkwe wetu, hili gari linatetemeka. Tukipanda mwendo, nyuma kule linapiga kama kinu. Mama analia."

Nilipanda, tukatoka naye wawili mpaka nje ya mji. Likatetemeka kidogo, matakoni. Nikaingia chini kwenye propela, nikakuta kros joint ya nyuma imelegea. Nikapiga alama, nikabadilisha kwa mpya ya dukani, nikarudisha, tukatoka tena. Gari likateleza kama limepakwa mafuta. Nikamrudisha Shaibu na salamu za ushindi.

Safari iliyofuata Mama Fidea alirudi amebebwa. Nikasema spea feki, nikaivua, nikaweka iliyotoka kwenye gari la zamani. Tukajaribu wawili, shwari. Safari nyingine akarudi hivyo hivyo. Hapo nikafanya yote niliyofundishwa. Nilipandisha nyuma ya gari kwenye stendi za chuma, nikawasha, nikasogeza chaki taratibu kwenye propela inayozunguka ili inichoree sehemu iliyovimba. Nikafunga klipu mbili za hosi kwenye ule mrija, nikazizungusha kidogo kidogo mpaka zikasawazisha uzito. Hiyo ni kazi nzuri sana, na bado naipendekeza mkikosa mashine. Gari likawa tulivu kiasi kwamba Shaibu alilala njiani, wakati mimi nikiendesha.

"Ukiwa wewe halitetemeki," alisema alipoamka. "Linakuogopa Mmakua."

"Unapakia nini wewe kule nyuma?"

"Mgonjwa na wenzake."

Ningeuliza swali moja zaidi. Wangapi? Wanakaa wapi? Mama analala au anakaa? Shaibu angenijibu. Lakini swali lile lilikuwa linaelekea kwenye mwili wa mama mkwe wangu, nikashika spana nyingine. Wala haikunijia hata kupakia magunia ya mchanga, kitu ambacho ningemfanyia mteja yeyote. Kuliwazia lile benchi la nyuma, kuwaza limebeba nini na kwa uzito gani, kulikuwa kama kuchungulia dirishani kwake.

Badala yake nilifanya baya zaidi. Nilimwambia Fidea, tena mbele ya watu waliokuja kuchukua magari yao, "Gari ni zima. Mwambie mama barabara ndiyo mbovu. Na watu wazima wakiumwa huwa wanaogopa mwendo."

Fidea alinitazama. "Unasema mama anaogopa?"

"Nasema gari ni zima."

Alikunja kanga yake akaondoka bila kuaga. Nikaendelea na kazi, nikiwa na hakika yangu. Hadi leo nikiikumbuka ile hakika naona aibu mwili mzima.

Baada ya hapo Mama Fidea aliacha kwenda Ndanda. Hakulalamika. Niliambiwa tu kwamba amepumzika kwanza. Akapumzika kipupwe kizima, mpaka mikorosho ikatoa maua, na kila nilipopanda Newala nilimwona kwa mbali, kwa lile jicho la pembeni tunaloibia wakwe, akikata uwanja na fimbo, kichwa kikishuka zaidi ya mara iliyopita. Nilijiambia mambo ya wazee hayo. Sikulala vizuri, lakini nilijiambia.

Mwishowe Mjomba Simoni alikwenda Ndanda kwa mambo yake, muuguzi akamgombeza kwa ajili ya dada yake. Akarudi akatoa amri: anakwenda, apende asipende. Akaniita nije Newala nilipitie gari kabla, na asisikie tena habari za mtetemo.

Siku ya safari niliamka alfajiri nikaingia chini ya landrova, kichwa kikielekea nyuma, kukaza yubolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli. Zilikuwa zimekaza. Nilikuwa naosha matope kwa kitambaa pale springi inapokalia ekseli, niangalie rangi ya kijani ya Mjomba ilivyojaa kila upenyo, ndipo nikasikia mlango wa nyumba na sauti za wanawake. Walitoka mapema kuliko kawaida. Nikaona miguu. Katikati ya miguu nikaona fimbo.

Nifanye nini? Nikitoka, natokea miguuni pake, mgongo chini, mdomo wazi. Nikabana pumzi. Nilipanga wapande, watulie, halafu nitambae upande wa pili kama mjusi.

Wakaanza kupakia. Sikuwahi kuona kitu kile kwa sababu sikuwahi kukubali kukiona. Kwanza gunia la unga. Kuni. Masufuria, maana ndugu wa mgonjwa hupika wenyewe kule hospitali. Ndoo mbili za maji. Godoro. Kisha Mama Fidea akainuliwa taratibu akalazwa katikati, na akina mama wakapanda mabenchi, mmoja, mwingine, mwingine, kila mmoja na kikapu chake, wote wakisogea nyuma kabisa wamshikilie asibingirike. Springi zikashuka mpaka karibu na pua yangu. Na pale pale mbele ya macho yangu, ile rangi ya kijani niliyokuwa naisafisha ikapasuka, ikafungua mdomo. Kiti cha springi, kile kibamba kilichochomelewa kwenye ekseli, kilikuwa kimeachia weldi zamani, mtu fulani akaziba na rangi nyingine, Mjomba akapaka juu yake. Gari likiwa tupu, ule ufa unajifunga kimya. Likibeba mzigo, ekseli inajizungusha, pua ya difu inanyanyuka, na propela inakunja pembe ambayo hakuna kros joint duniani ingeivumilia. Shaibu akikanyaga mafuta, inakunja zaidi. Bado kidogo ingekatika, na wangekuwa wanashuka mlima.

Nikasikia Shaibu anaingia kwake, mlango ukapigwa. Alidhani niko kwa jirani kwenye uji.

"Shaibu! Usiwashe!"

Mabenchi yakalia juu yangu. Halafu mmoja wa akina mama akasema, "Yesu wangu, nani huyo?"

"Ni mimi. Baba Yusta." Yusta ni binti yetu wa kwanza.

Kisha sauti ambayo sikuwahi kusemeshwa nayo hata siku moja, ya taratibu, yenye maumivu, ikatoka juu ya lile bati, karibu sana na uso wangu. "Baba Yusta, mko wapi?"

"Niko chini, mama."

"Chini wapi?"

"Chini yenu, mama. Shikamoo."

Akina mama walilipuka. Walicheka mpaka gari likayumba na ule ufa ukafungua na kufunga, nami nikiutazama. Mama Fidea hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Marahaba, baba. Mnaona nini huko?"

Nilitaka kusema weldi, ekseli, pembe. Yakatoka mengine. "Naona linavyotetemeka, mama. Mlisema kweli siku zote. Nisameheni."

Nikamsikia akiwaambia wenzake, "Nishusheni. Fanyeni upesi, huyu mtu atoke kabla sijamwangalia." Wakamshusha, wakatandaza kanga zao wakawa ukuta, nikatambaa nje nimejaa matope, na Shaibu ameegemea bawa la gari machozi yanamtoka kwa kicheko.

Gari tulilivuta hadi karakana ya misheni. Fundi Hilari alikuwa amezeeka, lakini aliinama akatazama, akanitazama mimi. Aliuliza nilijaribu mara ngapi likiwa na mzigo. Nikajifanya natafuta spana, akarudi kukaa. Tulisaga weldi ile ya zamani ikaisha, tukapima kwa uzi na pembe mpaka uso wa difu ukaenda sambamba na uso wa giaboksi, tukachomelea upya kushoto na kulia, tukaongeza bamba. Safari hii nilipakia magunia ya korosho mpaka springi zikalala, nikaendesha mwenyewe kwenye yale matuta ya barabara ya vumbi. Kimya. Vijana, shikeni hili hata mkitupa mengine yote: gari lijaribuni lilivyo siku zake za kazi, na mzigo wake, na watu wake.

Mama Fidea alipokwenda Ndanda, Mjomba Simoni aliamuru niende pia, nikae mbele, macho barabarani, na nyuma ya kiti wakatundika kanga. Tulishuka mlima, tukapita Masasi, Shaibu akaongeza mwendo, na nyuma kule hapakutoka sauti ila ya akina mama wakisimuliana. Nilidhani deni la aibu nimelimaliza.

Pale hospitali nilibaki nje, karibu na dirisha la chumba cha mazoezi. Nikamsikia muuguzi akisema kwa utani, "Karibu, Mama Mwoga! Leo gari halikukutisha?" Na Mama Fidea akajibu, "Nimezoea sasa." Wagonjwa wengine wakacheka, kwa namna ya watu wanaoijua habari hiyo siku nyingi.

Fidea alipotoka nilimuuliza wamelijuaje neno langu mpaka Ndanda.

"Si neno lako," alisema. "Ni la mama. Alianza kulisema kabla yako, tangu gari liliposhindikana mara ya pili. Newala nzima amewaambia anaogopa magari. Kule kanisani wanamtania, watoto wanamwigizia honi akipita."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Alisema gereji yako ndiyo kwanza imefunguliwa. Watu wakisikia gari la ukweni limekushinda, nani atakuletea lake?"

Nikamuuliza Fidea, muuguzi amesemaje kuhusu mgongo. Fidea akatazama chini. Mgongo umeshaganda, alisema. Watamwondolea maumivu, lakini kunyooka hatanyooka.

Sikuweza kwenda kumshukuru wala kumwomba radhi. Ukwe haukuniruhusu, na kama ungeniruhusu ningekwenda na uso gani? Magari yalikuja gereji, mengi, ninyi wenyewe mmeyashika. Miaka yote iliyobaki nilipomwona anakuja, ameinama, nilitoka njiani nikasimama majanini, naye akapita akitazama ardhi, na aliyetuona alidhani sote wawili tunafanya adabu. Alizikwa akijulikana kijiji kizima kuwa mama aliyeogopa magari, nami nikasimama kaburini nikijulikana kuwa fundi.